Stili ya pedali ya shingo mbili isiyovunja kiuno, ipo kweli?

NyuziIshirini
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaopiga gitaa la stili la pedali, lile la kulala juu ya miguu yake unalopiga umekaa, pedali na leva zinabadili sauti za nyuzi. Nina D-10 ya zamani, yaani shingo mbili zenye nyuzi kumi kila moja, ya mbele imetyuniwa E9 ya nyuma C6, pedali nane na leva za magoti tano, sauti yake sina la kusema, shida ni kuibeba. Ikiwa ndani ya keisi inagonga kilo 33 na mimi mgongo ulishanisumbua huko nyuma, juzi baada ya shoo nimeishusha ngazi za ghorofa moja tu nikaishia kukaa juu ya keisi dakika kumi, wenzangu wanadhani natafakari maisha kumbe siwezi kunyanyuka. Nataka shingo mbili nyepesi ila watu wananitisha eti nyepesi zote bodi inapinda ukikanyaga pedali na sauti inakuwa ya kopo. Mwenye uzoefu anisaidie. Na tafadhali msiniambie ninunue shingo moja, C6 naitumia kweli.

Mzee_wa_E9
Pole sana mkuu. Ila nakuuliza hilohilo ulilokataza: shoo ya mwisho ulipiga nyimbo ngapi kwenye shingo ya nyuma? Jibu mwenyewe kimoyomoyo. Mimi nimebeba D-10 miaka na miaka na kazi kubwa ya ile C6 ilikuwa kuegemezea kiwiko. Nikahamia kwenye shingo moja ya nyuzi 12, ile wanaita yunivesali, E9 na B6 kwa pamoja. Ukishusha zile nyuzi za E kwa leva ya goti unajikuta uko B6, ambayo ni C6 yako ileile imeshuka nusu sauti tu, kwa hiyo unasogea freti moja mbele maisha yanaendelea. Sikudanganyi, miezi ya kwanza nilikuwa napotea katikati ya wimbo, hasa ule uzi wa tisa maana D haikai pale kama kwenye E9 ya kawaida, unaipata kwa leva. Ila mgongo umenishukuru.

DadaSlaidi
Kaka NyuziIshirini hao wanaosema nyepesi zote zinapinda wanakuonea tu, na zipo nzito za zamani zinapinda vizuri tu ila watu hawazipimi kwa sababu wanazipenda. Pima mwenyewe. Chomeka tyuna, piga uzi wa nane, E, pedali zote ziko juu, angalia mshale. Uzi ukiwa bado unalia kanyaga pedali A na B kwa pamoja. Pedali A inapandisha noti B kwenda C#, pedali B inapandisha noti G# kwenda A, hakuna inayougusa huo uzi wako wa E, lakini utauona mshale unashuka kwa sababu nyuzi nyingine zimevutwa na bodi nzima imejikunja kidogo. Ikishuka senti mbili tatu (senti mia ndiyo nusu sauti moja) sahau, sikio halishtuki. Ikikaribia kumi liache hapohapo hata kama linang'aa vipi, maana akodi ya pedali A na B ndiyo utakayoipiga usiku kucha.

Majina sasa. Angalia GFI Ultra, kampuni aliyoianzisha Gene Fields yule aliyewahi kufanya kazi Fender, hizo zinajulikana kwa wepesi hata zikiwa shingo mbili. MSA, watengenezaji wengine, nao walitoa Millennium yenye bodi ya kaboni faiba badala ya mbao. Kuhusu sauti ya kopo, mimi naona pikapu na mkono wako vinachangia kuliko kilo, ingawa najua wapo watakaonirushia mawe hapa, wale wanaopiga stili za zamani za Emmons hasa 😂

kilo_kwa_kilo
Aisee kabla hujanunua chochote tafuta mzani. Usipime gitaa zima, pima kipande kipande: keisi tupu, miguu minne pamoja na ule mti wa pedali na fito zake zinazounganisha pedali na bodi, halafu bodi peke yake. Watu wanalaumu gitaa kumbe wanabeba sanduku. Mimi bodi inakaa kwenye begi lenye sponji nene, vyuma vyote vinaingia kwenye mfuko wa stendi za ngoma, naenda raundi mbili, kila mkono na mzigo wake. Angalizo moja, zile fito za pedali ziandike namba kwa utepe, mimi siku ya kwanza nilizichanganya, nikakanyaga pedali ya tatu ikawa imelala chini kabisa na ya nne iko juu kama ngazi, bendi imeshaanza kuhesabu. Na leva za magoti zikunje kabla hujaingiza kwenye begi, zisije zikapinda.

Halafu hujasema ampu yako ni ipi. Kama ni zile Session 400 za Peavey zenye spika ya inchi 15 basi usilionee gitaa.

NyuziIshirini
Nimerudi wakuu. Nimepima. Keisi tupu kilo 9 na nusu!! Miguu na mti wa pedali kilo 5, bodi 18 na nusu. Yaani karibu theluthi nzima nilikuwa nabeba mbao na bawaba. Begi nimeshaanza kulisaka, na fito nimezifunga utepe tayari. Na ampu ndiyo hiyohiyo uliyoitaja, tusiongelee leo.

Nimefanya na kile kipimo cha DadaSlaidi kwenye hili la kwangu zito la kifahari. Senti saba. Nimekaa kimya.

Nyepesi bado naitaka, nimepata mtu mwenye GFI ya kujaribu wikiendi, nitaenda na tyuna mfukoni.

Mzee_wa_E9
Safi. Lakini swali langu umelikwepa. Nyimbo ngapi shingo ya nyuma?

NyuziIshirini
Tatu mzee wangu. Kati ya 22. Ila moja kati ya hizo ndiyo wanayoiomba kila shoo.