Mrejesho: jarida la shule kutokana na tovuti limechapishwa

Ndugu zangu, nilipoomba ushauri wa namna ya kutoa jarida la karatasi kutokana na habari za tovuti ya shule yetu hapa Likoni, kwa ajili ya wazazi wasiotumia intaneti, niliahidi kurudi na matokeo. Jarida limetoka, kurasa 8 za A4, nami nawashukuru kwa dhati.

Kazi kubwa ilikuwa picha. Ile ya wanafunzi wakishuka kwenye feri, inayopendeza sana kwenye skrini, ina upana wa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 800 tu. Na kwa kuwa uchapaji mzuri huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, haikufaa kuzidi sentimita 7. Nilipoikuza ijaze ukurasa, nyuso za watoto ziligeuka vimraba. Kwa bahati njema, mwalimu aliyeipiga alikuwa bado na picha ya asili kwenye simu yake.

Mlinishauri nichukue maandishi matupu na kuyapanga upya kwa safu mbili, na ushauri huo uliniokoa. Kila palipoandikwa "bonyeza hapa" niliandika tarehe na saa ya mkutano kwa ukamilifu. Ripoti ya michezo nililazimika kuifupisha, kwa sababu karatasi ya A3 ikikunjwa hutoa kurasa 4, na ukurasa wa 9 ungetudai karatasi nzima ya ziada.

Siku ya kugawa, bibi mmoja alisimama langoni akilifuata jina la mjukuu wake kwa kidole, kisha akaomba nakala ya pili.