Nina grini kadi, nimeletewa kadi ya mpiga kura. Nipige?

Mgeni_wa_Baridi:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi Mtanzania, niko Marekani mwaka wa nne sasa kwa grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia. Mwezi uliopita nilienda kuhuisha leseni ya udereva. Dada wa dirishani anasoma maswali haraka haraka huku anabofya kompyuta, foleni nyuma yangu ndefu, mimi kila swali "ndiyo, ndiyo". Nikaweka sahihi, nikaondoka. Jana nafungua sanduku la barua nakuta kadi ya mpiga kura, jina langu kamili, hadi kituo wameshanipangia!

Binamu yangu yuko London, ana pasi ya Tanzania kama mimi, na wabunge wa kule anawapigia kura. Ananiambia niende tu. Roho inasita.

Kobe_Haraka:
Kodi si unalipa? Wamekutumia wenyewe, wewe nani ukatae. Kapige mkuu.

Bi_Mkubwa77:
Kobe, usimponze mwenzio. Mleta mada, USIPIGE. Uchaguzi wa rais na wa bunge lao ni wa raia tu, na tangu 1996 kuna sheria inayomfanya asiye raia akipiga kura hizo awe ametenda kosa la jinai, kifungo hadi mwaka mmoja. Jela ni nusu ya balaa, maana unaweza kurudishwa nyumbani. Kodi haihusiki kabisa, hata mwenye viza ya kazi analipa.

Hiyo kadi imetoka kwenye leseni. Kuna sheria ya 1993 inayozifanya ofisi za leseni ziandikishe wapiga kura papo hapo. Kati ya zile "ndiyo" zako moja ilikuwa ya "wewe ni raia?"

Mzee_wa_Mafaili:
Binamu hajakosea, ila anaongelea nchi anayoishi yeye. Uingereza inawaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi kuchagua wabunge, na Tanzania imo. Kichekesho ni kwamba Mfaransa aliyezeekea London haruhusiwi. New Zealand wao wanataka ukaazi wa kudumu na mwaka mmoja mfululizo nchini. Hukohuko Marekani, Takoma Park kule Maryland wanawapa wasio raia kura ya mji wao. Ya mji tu.

Sasa kazi yako. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kujiandikisha tu kunatosha kukuletea maswali, kwa hiyo usiikalie kimya. Omba nakala ya ulichosaini. Ila usiandike barua ya kujieleza kwa ofisi yoyote kabla wakili wa uhamiaji hajaisoma, na usije ukaficha baadaye.

Bi_Mkubwa77:
Na bahasha usiitupe, ina tarehe.

Kobe_Haraka:
Nafuta kauli. Si uchukue tu uraia wao yaishe?

Mgeni_wa_Baridi:
Grini kadi lazima ifike miaka mitano kwanza, mitatu kama umeoa raia. Na nikila kiapo chao pasi ya Tanzania inaondoka, sisi uraia pacha kwa mtu mzima hatuna. Hilo bado silali nalo.

Mrejesho: nakala nimeipata. Kisanduku cha uraia kina alama, na sahihi ni yangu, haina ubishi. Wakili ni kesho saa nne.