Gumzo la jamaa wa Kibokoni, Mombasa: almasi za Swaleh

Fatma (Mama Swaleh): Asalaam aleikum jamaa, samahani kwa kuwasumbua usiku huu lakini niko na Swaleh hapa tangu magharibi yualia, hataki chakula hataki kuzungumza, kumbe akaunti yake ya gemu imehakiwa na almasi zake zote zimeenda. Hamza uko wapi babangu nijibu

Shangazi Rukia: Waleikum salaam. Pole wifi. Zote zote?

Fatma: Zote. 2,900. Asubuhi alifungua akakuta sifuri, kwenye rekodi yaonyesha saa nane na robo usiku zimenunuliwa nguo za mchezaji na bunduki ile ya rangi ya dhahabu alokuwa akiiwekea akiba, zikatumwa zawadi kwa mtu hata hamjui. Kisha adhuhuri akatolewa nje kabisa, kila akitia paswadi yakataa

Ami Twalib: Poleni. Lakini shemeji, almasi za gemu si pesa, ni picha tu za kwenye simu. Mwambie aoge ale alale, kesho ana chuo

Fatma: Shemeji zilinunuliwa kwa M-Pesa, meseji ninazo zote. Ni pesa zake za Idi mlizompa nyinyi, wewe mwenyewe ulimpa 500, na zingine ni zile apewazo na Bibi kwa kazi ya mahamri. Nimejumlisha sasa hivi ni 3,700 na kitu

Mwanaisha: Bibi yuko hapa kando yangu asema niandike vile vile anavyosema: "Twalib mwanangu, mtoto huyu kila alfajiri akitoka msikitini yuaja kunibebea ndoo ya mahamri mpaka kwa wateja kule Makadara, mvua ije jua lije. Jasho lake hilo. Alinunua picha au alinunua nini ni hiari yake, aloiba kamuibia"

Mwanaisha: Sasa hapa naandika mimi. Ami, hili swali lako tulilisoma chuoni. Uholanzi mwaka 2007 mtoto wa miaka 13 mji wa Leeuwarden alipigwa na vijana wawili wakamlazimisha aingie gemu ya RuneScape awape hirizi na barakoa, vitu vya ndani ya gemu tu. Wakili akasema hivyo si vitu, havishikiki. Kesi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa, Januari 2012 wakaamua ni wizi, kwa sababu yule mtoto alivipata kwa muda wake na juhudi yake na vilikuwa mikononi mwake mpaka aliponyang'anywa. Hakimu wa Uholanzi kasema kama Bibi

Ami Twalib: Hiyo sikuijua. Na hapa kwetu je

Mwanaisha: Hapa Kenya kuna sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta. Kuingia akaunti ya mtu bila ruhusa peke yake, hata kama hukuchukua kitu, faini yafika shilingi milioni 5 au kifungo miaka 3 au vyote viwili. Na kumdanganya mtu akupe paswadi pia ni kosa mbali. Kwa hivyo kesho mama mdogo waeza kwenda kituo cha polisi ukaandikisha upewe namba ya OB, ile ya daftari lao la matukio, itakufaa hata ukiwaandikia wenye gemu

Hamza: Waleikum salaam, nilikuwa nafunga duka. Mama mdogo niambie kwanza, jana au juzi kuna meseji ya namba sita iliingia kwa simu yako?

Hamza: Mama mdogo?

Fatma: Iliingia Hamza. Mimi ndiye nilompa

Fatma: Jana nilikuwa Marikiti nanunua mbaazi, yule baba yuanipimia, mkono mmoja kikapu mkono mmoja simu, Swaleh kanipigia mama mama kuna namba imeingia kwako nisomee haraka. Nikasoma. Hata sikuangalia yale maneno ya chini. Nimeiangalia leo, imeandikwa pale pale usimpe mtu yeyote namba hii. Mimi nikamsomea moja moja kwa sauti, sita zote, nikarudia mara mbili asikosee. Tangu nijue roho yaniuma wallahi kuliko hata hizo almasi

Shangazi Rukia: Usijilaumu wifi mtu akiwa sokoni hata jina lake asahau

Hamza: Na Swaleh alimpa nani?

Fatma: Asema Salim wa Tudor, wako kikosi kimoja kwenye gemu. Salim alimuandikia kuwa amuandikisha kwenye mashindano, wakishinda kila mtu apata almasi mara dufu, namba ya kuthibitisha itakuja kwa simu ya mamako

Shangazi Rukia: Salim huyu mwana wa Bi Mwanajuma? Mimi niko Tudor dakika mbili kwao. Navaa buibui naenda sasa hivi, mtoto namjua tangu tumboni leo aje amuibie mwenziwe!

Hamza: Shangazi nenda lakini nenda na salamu, usiende na kesi. Mama mdogo wewe nisikilize. Ile namba haikuwa ya mashindano, ilikuwa ya kubadilisha paswadi ya Gmail ya Swaleh. Akishaingia Gmail ndipo kaenda kwenye gemu kasema nimesahau paswadi, linki ikaja kwenye Gmail ile ile, kaibonyeza. Almasi ni za mwisho, mlango ni imeili. Kwenye hiyo imeili kuna nini kingine?

Fatma: Ya Rabi. Tulijazia fomu za shule. Kitambulisho changu na cha babake vyote nilivipiga picha nikavituma kwa imeili hiyo

Hamza: Basi tuanze hapo, gemu baadaye. Chukua simu ile ile Swaleh aingilia kila siku na mko kwa intaneti ya hapo nyumbani, Gmail yawaamini zaidi ikiona simu na mahali inapopajua. Bonyeza nimesahau paswadi. Hata kama mwizi ameitoa namba yako akatia yake, namba ya zamani bado yaeza kutumiwa kwa siku 7 tangu ibadilishwe, ndio nasema tusilale. Namba ikija SASA soma wewe, andika wewe, mimi usinitumie

Fatma: Imekuja. Mikono yatetemeka

Fatma: IMEFUNGUKA. Alhamdulillah

Hamza: Alhamdulillah. Paswadi mpya ndefu, isiwe ile ya kwenye gemu wala jina la timu. Kisha ingia sehemu ya usalama, tazama simu zilizoingia, yoyote msoijua itoe. Tazama namba ya kurudishia ni yako. Na muhimu sana watu husahau, kwenye mipangilio tazama kama barua zapelekwa kwa anwani nyingine, mwizi huacha kidirisha hapo akaendelea kusoma barua zenu hata mkibadilisha paswadi

Fatma: Kuna simu moja si yetu nimeitoa. Namba ilikuwa imebadilishwa nimerudisha yangu. Na kweli kuna anwani pale siijui!! nimeifuta

Hamza: Sasa washa ule uthibitisho wa hatua mbili, mtu hata akiijua paswadi asiingie mpaka athibitishe kwa njia ya pili kama simu yako. Itakupa namba za akiba za kuingilia siku simu ikipotea, ziandike kwa kalamu kwenye daftari, usipige picha

Ami Twalib: Kuna rafiki yangu asema kuna mtu mtandaoni yuarudisha akaunti za gemu kwa 1,000, nimuulize?

Hamza: Baba usimpe hata shilingi. Hao hao ndio wezi, wawatafuta waloumia wawaibie mara ya pili. Anayeweza kurudisha ni wenye gemu wenyewe na hawalipishi. Mama mdogo waandikie usiku huu, tia namba ya mchezaji, tarehe za kununua na zile herufi kumi za kila meseji ya M-Pesa, huo ndio ushahidi mwizi hana. Akaunti yaeza kurudi. Almasi sikuahidi, masharti ya gemu nyingi yasema huzimiliki, umepewa ruhusa ya kuzitumia tu

Ami Twalib: Swaleh kama yuasoma, samahani babangu, nilisema bila kujua

Shangazi Rukia: Jamani nimerudi. Salim si yeye. Mamake asema tangu Jumatano akaunti ya Salim haifunguki, naye aliulizwa namba na mwenzao mwingine kama alivyoulizwa Swaleh, kaogopa kumwambia babake akanyamaza. Mtoto amekonda. Alosema na Swaleh jana ni mwizi amevaa jina la Salim. Na mimi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumtolea mamake, Mungu kaninusuru

Hamza: Basi sasa hivi huyo mwizi yuko ndani ya jina la Swaleh. Yuawaandikia wenziwe

Fatma: Hii ni simu yangu lakini naandika mimi Swaleh. Kikosi chetu tuko 11. Nawapigia kwa simu ya nyumbani wale ambao namba zao nazijua, wengine nimempigia mamake mtu. Saba wameulizwa tayari na "mimi", maneno yale yale ya mashindano. Wawili washatoa. Yule wa Likoni alikuwa ashaziandika namba zote sita, alikuwa yuangoja mamake amalize kuswali ndio amuombe simu ahakikishe, nikampata hapo hapo

Mwanaisha: Bibi auliza kesho alfajiri yuaja au apumzike

Fatma: Naja. Nimebakisha wawili kuwapigia