"Kadi imeshatumwa" siyo jibu! Mabenki acheni kutuchezea watu wa ughaibuni

Wakuu, kuna benki bado zinamtumia mteja aliye nje ya nchi kadi kwa barua ya kawaida, halafu ukipiga simu unaambiwa "imeshatumwa, endelea kusubiri". Imetumwa kwa njia gani? Namba ya kufuatilia iko wapi? Hapo kimya.

Namba hakuna kwa sababu barua ya kawaida haifuatiliwi. Barua ya rejesta ya kimataifa ina namba yenye alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Rejesta huanza na R, EMS (huduma ya haraka ya posta) huanza na E. Huyo wa huduma kwa wateja akishindwa kukusomea namba ya aina hiyo, basi "iko njiani" yake ni kubahatisha tu. Na eti bahasha haina nembo kwa ajili ya usalama! Kadi ina unene wa milimita 0.76 na ni ngumu, yeyote akiipapasa bahasha anajua kilichomo.

Tuje kwenye anwani, maana hapa ndipo uozo ulipo. Fomu zao zimetengenezwa kwa anwani za nchini kwao. Kila mstari una kikomo cha herufi, ukizidisha mfumo unakata bila kukuonya, na kinachokatwa ni mwisho wa mstari, mahali ambapo wengi huandika namba ya chumba. Kwa hiyo namba ya chumba itangulie. Herufi zenye vialama juu ziandike bila vialama, la sivyo zinaweza kuchapishwa kama alama za kuuliza. Jina la nchi likae peke yake mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kwa lugha inayosomeka huko barua inakotoka, kwa sababu posta ya huko ndiyo inayoipanga kwanza. Halafu waambie wakusomee anwani ambako kadi inatumwa, siyo ya mawasiliano. Kwenye mifumo mingi hizo ni anwani mbili, na ukibadili moja nyingine inabaki ya zamani.

Wale wa "nitaweka anwani ya ndugu, posta itanihamishia", pole yenu. Bahasha nyingi za kadi zina agizo kwamba zisihamishiwe anwani nyingine, zirudi kwa mtumaji. Ikirudi, kadi inaharibiwa na akaunti yako inawekewa alama ya anwani mbovu. Ya pili haitoki mpaka usahihishe anwani. Kusahihisha kunataka msimbo unaotumwa kwenye laini yako ya nyumbani, ambayo imeshafungiwa kwa kutotumika. Mtego huo wameutega wenyewe, halafu wanakulaumu wewe!

Kadi inafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa juu yake, na mpya hutengenezwa wiki kadhaa kabla bila wewe kuulizwa. Anwani isahihishwe miezi mitatu kabla. Ikichelewa, usikimbilie kusema "imepotea" wakati ya zamani bado ni hai. Uliza kwanza kama namba ya kadi itabadilika na ya zamani itazimwa lini. Wakifuta namba, malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi kwenye kadi hiyo yanaweza kugoma kwa pamoja.

Jibu la kwanza

Umeiacha PIN, mkuu. Benki nyingi huituma kwa bahasha ya pili, siku tofauti, kwa anwani ileile mbovu. Kadi ya kuhuisha mara nyingi hubaki na PIN ya zamani, lakini iliyotolewa badala ya iliyopotea huweza kuja na mpya, kwa hiyo uliza. Wengine huionyesha kwenye programu ya simu. Na kadi mpya ikikataa kulipa kwa kugusisha, usiitupe: nyingi hazikubali kugusisha mpaka uichomeke kwanza kwenye mashine na kuweka PIN. Kubadili PIN kwenye ATM ya benki nyingine ughaibuni, sahau, mara nyingi chaguo hilo halipo.

Mleta uzi

Sahihi kabisa, mkuu. Niongeze la kampuni za kusafirisha vifurushi, maana benki zikibanwa hukimbilia huko na kukutoza wewe. Mara nyingi hawapeleki kwenye sanduku la posta, wanataka mtaa, namba ya nyumba, namba ya simu ya nchi uliyopo na mtu wa kusaini. Benki ikiwapa namba yako ya simu ya nyumbani, dereva anapiga haipatikani, na mzigo unarudi ulikotoka. Kabla ya kukubali kulipa, waambie wakutumie kwa barua pepe anwani na simu waliyoandika kwenye fomu, neno kwa neno. Wakisema "mfumo hauruhusu", waiandike hiyo sentensi kwenye barua pepe hiyohiyo, ndiyo utakayoambatanisha na malalamiko.