Darasa la Nyumbani – Rau 📚

*Alhamisi*

Mama Upendo 06:12
Bwana asifiwe wapendwa. Ujumbe wa jana mmeusoma watu 14, aliyejibu mmoja. Narudia. Wifi yangu anatoka Marekani, anapanda ndege Jumapili. Amekubali kutubebea Kindle ya watoto, ila lazima aagize kesho ndiyo imfikie kabla hajafunga begi. Ni dola 110, ile ya kawaida ya inchi 6. Familia 6, elfu 50 kila moja, kitakachobaki ni cha kava. Nataka jibu LEO.

Mama Upendo 07:40
??

Mama Upendo 08:55
Baba Ebeneza nakuona uko hewani.

Baba Ebeneza 08:57
Niko kwenye daladala dada, nimebanwa hata kidole hakitembei. Nikifika nitaandika. Nina la kusema.

Godi Pasua 09:20
Samahani, hiyo Kindle ndiyo nini? Kama vile vishikwambi vya sensa?

Mama Upendo 09:22
Hapana Godi. Kishikwambi kina gemu, kina TikTok. Hiki ni cha vitabu tu. Kioo chake kinafanana na karatasi, hata juani unasoma. Ukurasa ukitulia kioo karibu hakili umeme, kinakula zaidi pale unapofunua, ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Vitabu vikishaingia huhitaji bando. Na umeme wetu huu mnaujua.

Godi Pasua 09:25
Wiki kadhaa! Simu yangu ikifika saa sita mchana inaomba maji.

Mama Aikande 09:26
Na mwenye simu je 😂😂

Mama Junior 09:31
Mtindi umebaki lita 3. Anayehitaji aje kabla ya saa kumi.

Mama Upendo 09:31
Mama Junior, mtindi baadaye tafadhali.

Godi Pasua 09:32
Mtindi kwanza. Nishikie lita moja.

Baba Ebeneza 10:48
Nimefika. Sikilizeni, hii kitu nimekaa nayo. Mwezi wa nane mgeni mmoja wa kazini aliniazima yake wiki mbili, nikampa Ebeneza. Hadithi za Kiingereza alizimeza. Akigusa neno asilolijua maana inatokea palepale, hakuja kuniuliza hata mara moja, nami nikanusurika kuumbuka. Zile za zamani zilizokwisha hakimiliki zipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, zaidi ya vitabu 70,000. Unashusha kwenye simu au kompyuta, unavituma kwa barua pepe ya hicho kifaa. Hapo sina neno.

Baba Ebeneza 10:53
Sasa nikaweka PDF ya kitabu chake cha sayansi. Hapo ndipo nilipochoka. Ukurasa mkubwa wa kitabu cha shule umebanwa kwenye inchi 6, maandishi kama sisimizi. Ukikuza, unasoma nusu mstari, unasukuma, unasoma nusu nyingine, ukirudi umeshapotea. Halafu hakina rangi. Mchoro wa moyo, mshipa mwekundu na wa bluu yote kijivu. Mtoto akaniuliza, "Baba, damu safi ni ipi hapa?" Nikamwambia funga, leta kile cha karatasi.

Baba Ebeneza 10:54
Na hiyo ya dola 110 ni yenye matangazo, yanatokea kifaa kikiwa kimelala. Si mabaya sana ila mjue.

Mama Upendo 11:02
Ya rangi ipo. Ilipotoka 2024 ilikuwa dola 280.

Godi Pasua 11:03
Dola 280 napata ndama, tena mwenye rangi mbili.

Neema Njoro 12:36
Ndiyo naona sasa hivi. Na za Kiswahili je?

Baba Ebeneza 12:50
Tovuti ya African Storybook wanazo za Kiswahili, bure kabisa. Lakini ni za wadogo, picha ndiyo utamu wenyewe, na humo zinapauka. Hizo wasomee kwenye simu. Hadithi ndefu za Kiswahili za umri wa akina Aikande, huko utatafuta kwa tochi.

Mama Upendo 12:58
Kwa hiyo Baba Ebeneza unasema ndiyo au hapana? Wifi ananisubiri.

Baba Ebeneza 13:01
Nasema ya hadithi, ndiyo. Ya masomo, hapana. Mwanzo ulituambia itapunguza gharama ya vitabu vya shule. Haitapunguza.

Mama Aikande 13:10
Mimi naomba kuuliza kitu kimoja, kwa upendo tu. Printa iko wapi?

Mama Upendo 13:11
Mama Aikande, leo tunaongelea Kindle.

Mama Aikande 13:11
Nami naongelea elfu 40 yangu.

Mama Upendo 13:14
Printa iko kwangu, haijaliwa na mtu. Ilikauka wino.

Mama Aikande 13:15
Ilikauka Aikande akiwa la tatu. Sasa hivi yuko la tano.

Mama Aikande 13:16
Na ilikaukia kwenye kadi za sendofu ya mdogo wako. Wote humu tulizipokea.

Godi Pasua 13:17
Zilikuwa nzuri lakini 😅

Mama Upendo 13:18
Mama Aikande njoo inboksi.

Mama Aikande 13:18
Siji inboksi. Hela ilitolewa hapa.

Baba Junior 15:44
Jamani nimechelewa kuona, huku Dar ni mbio tu. Poleni sana wafiwa. Michango inatumwa namba ipi?

Neema Njoro 15:46
Hakuna msiba shemeji 😂😂 ni Kindle

Baba Junior 15:47
Huyo Kindle ni wa ukoo gani?

Godi Pasua 15:47
🤣🤣🤣 Wa huko Marekani. Mwili unafika wiki ijayo na wifi.

Mama Upendo 15:50
Chekeni. Watoto wa wenzenu wanasoma.

Mwalimu Babu 18:31
Habari za jioni.

Mama Junior 18:31
Shikamoo Mwalimu

Neema Njoro 18:32
Shikamoo Mwalimu 🙏

Godi Pasua 18:32
Shikamoo Mwalimu

Mwalimu Babu 18:47
MARAHABA WOTE. NIMESOMA TANGU ASUBUHI. NIMEFUNDISHA MIAKA 34. KITABU KIMOJA WATOTO WANNE. WA KATIKATI WANASOMA, WA PEMBENI WANAONA KIDOLE CHA MWENZAO. WA PEMBENI NAWAJUA KWA MAJINA MPAKA LEO. HAPA WATOTO 11, KIFAA 1. NYUMBA KITAKAPOLALA NDIYO MTOTO WAKE ATAKUWA WA KATIKATI. MAMA UPENDO BINTI YANGU, BILA WEWE HILI DARASA LISINGEKUWEPO, HILO NALIJUA. LAKINI JUMAMOSI LETA PRINTA KWANGU, NA DAFTARI LA MICHANGO. TUSOME HESABU YA PRINTA KWANZA. ELFU 50 YA JUNIOR IKO MFUKONI MWANGU. KESHO SIITOI.

Godi Pasua 18:58
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Upendo 20:14
Nimekusikia Mwalimu.

Mama Upendo 20:15
Ila wifi anaagiza kesho. Jumamosi hesabu zitanikuta nimeshachelewa.

Mama Upendo 20:41
Basi nalipa mimi yote. Itakuwa ya Upendo. Atakayetaka mtoto wake asome atamleta hapa nyumbani.

Mama Aikande 20:42
Kama printa.

Baba Ebeneza 21:05
Dada usiagize kwa hasira. Mwambie achukue, mimi natoa elfu 50 yangu usiku huu. Iwe ya hadithi tu, kila familia inakaa nayo wiki moja, inaandikwa kwenye daftari. Jumamosi tufike wote kwa Mwalimu, na printa iwepo. Mwalimu kama nimekosea unirekebishe.

Neema Njoro 21:20
Mimi nina elfu 20 kwa sasa.

Mama Upendo 21:21
Elfu 20 si elfu 50 Neema.

Neema Njoro 21:24
Najua dada. Ndiyo nimesema kwa sasa.

*Ijumaa*

Mama Upendo 05:58
Bwana asifiwe. Mpaka sasa Baba Ebeneza kaleta elfu 50, Neema 20. Mwalimu hajajibu, naona alama za bluu. Wifi anauliza yenye kava au bila kava?

Mama Upendo 07:30
??

Godi Pasua 07:52
Mama Junior, ile lita yangu ipo bado?