Wakufunzi wa semina, acheni kuwaambia wazazi kwamba "nyuroni vioo" za watoto wao zimekufa!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nimetoka kwenye semina ya wazazi na walimu. Mkufunzi kaweka picha ya ubongo ukutani, kaizungushia duara jekundu, kasema mtoto mwenye usonji (autism) "vioo vyake vimevunjika", yaani nyuroni vioo zake, seli za ubongo zinazoitikia mtu anapotenda jambo na pia anapomwona mwenzake akilitenda, zimekufa, ndiyo maana hana huruma wala hawezi kuiga. Mama mmoja safu ya mbele akaacha kuandika, akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mwanangu hanipendi?" Jamaa akamjibu kwamba ipo kozi ya kuziamsha hizo nyuroni, fomu ziko mlangoni.

Fomu ziko mlangoni! Mtu anaulizia mapenzi ya mwanawe, anauziwa kozi!

Nyuroni hizi ziligunduliwa Parma, Italia, na kundi la mtafiti Giacomo Rizzolatti, ripoti ya kwanza ikatoka 1992. Walikuwa wanapima seli za ubongo wa makaka, jamii ya tumbili, katika eneo linalopanga mijongeo ya mkono na mdomo. Wakakuta baadhi ya seli zinaamka mnyama anaposhika kitu, na zinaamka tena akimwona mtu anakishika. Ripoti ya 1996 ilipima nyuroni 532 za makaka wawili. Zenye tabia hiyo zilikuwa 92. Ni ugunduzi mkubwa, sibishi. Ila hapo waliangalia mikono inayoshika vitu, hakuna aliyepima huruma. Na makaka huyohuyo, pamoja na nyuroni zake zote hizo, si hodari wa kuiga.

Kwa binadamu ushahidi mwingi ni wa skani za ubongo, na skani huonyesha damu inavyokwenda kwenye eneo lenye seli maelfu kwa maelfu. Ni kweli utafiti wa 2003 ulikuta insula, eneo moja la ndani ya ubongo, linaitikia mtu anaponusa harufu mbaya na pia anapoona uso wa mwenzake umekunjamana kwa kinyaa. Jambo zuri, linafikirisha. Lakini kutoka hapo hadi kumhukumu mtoto mzima kwamba hana upendo, nani kakupa ruhusa?

Na hilo la usonji limeshachunguzwa. Mwaka 2013 mtafiti Antonia Hamilton alipitia tafiti 25, hakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mfumo wa nyuroni vioo kwa jumla umeharibika kwa watu wenye usonji. Zaidi ya miaka kumi imepita, bado mnatembea na picha ileile!

Kingine kinachoniudhi: alisema mtoto "akitazama tu, nyuroni zinamfundisha". Kageuza mambo. Katika jaribio la 2007 watu walizoeshwa kusogeza kidole cha mwisho kila waonapo cha shahada kikisogea. Baada ya mazoezi, wakitazama kidole cha shahada, msuli ulioitikia zaidi ukawa wa kidole cha mwisho. Maana yake mazoezi ndiyo yaliyougeuza mwitikio wenyewe. Mtoto anahitaji kutenda, kukosea, kurekebishwa, kurudia. Kumketisha atazame wenzake hakutoshi.

Waandaaji, kabla hamjampa mtu kipaza sauti mbele ya wazazi, mwambieni awaonyeshe utafiti anaoutegemea. Na wewe uliyelipia kozi ya namna hii, popote ulipo, dai pesa yako, kisha uje useme humu ulifundishwa nini hasa.