Mnaotoa namba za Alt bila kutaja jedwali, mnatuharibia majina ya watu!

Wakuu, nimechoka. Kila mtu akiuliza namna ya kuandika ñ kwenye kompyuta ya zamani, anatokea bingwa mmoja, anamrushia "bonyeza Alt na 164", kisha haonekani tena. 164 ya jedwali gani? Jedwali ni ile orodha inayoipa kila herufi namba yake, na yako mengi!

Kwenye jedwali la 437, lile lililokuja na IBM PC mwaka 1981, 164 ni ñ. Kwenye Windows-1252, jedwali la Windows, 164 ni ¤, na ñ iko 241. Ndiyo maana Windows inakubali namba za aina mbili: Alt+164 inafuata jedwali la DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), yaani hilo la 437, Alt+0241 inafuata la Windows. Hiyo sifuri ya mbele si pambo jamani!

Sasa chukua faili lililoandikwa kwenye Windows, lifungue kwenye programu ya DOS. Muñoz amekuwa Mu±oz, José amekuwa JosΘ. Baiti ya ñ, yaani namba iliyohifadhiwa kwenye faili, haijaguswa, ni 241 ileile, ila inasomwa kwa jedwali jingine. Hapo bado kuna matumaini, ukijua lilikotoka unaligeuza na majina yanarudi.

Halafu anakuja fundi wa "kusafisha". Anaona vidudu kwenye skrini, anahifadhi faili lote kwa ASCII. ASCII, jedwali la zamani zaidi, ina nafasi 128 tu na haina hata herufi moja yenye alama, kwa hiyo kila isiyojulikana inawekewa alama ya kuuliza. Mu±oz anaokolewa, Mu?oz ndiyo basi tena! Utajuaje kama pale palikuwa na ñ au kitu kingine? Na fundi mwenyewe anajisifu kwamba faili sasa ni safi.

Wale wa "si utumie Unicode tu", lile jedwali moja la herufi za lugha zote, nao wanipishe. UTF-8, njia ya kuhifadhi Unicode kwenye faili, inaandika ñ kwa baiti mbili, na programu ya DOS isiyoijua inakuonyesha ├▒. Na ukirudi kwenye majedwali hayo ya zamani, wenye majina ya ĩ na ũ ndio wameachwa kabisa, herufi zao hazimo 437 wala 1252.

(Na kwa laptopu isiyo na namba za pembeni, msituambie tubonyeze zile za juu ya herufi. Hazifanyi kazi.)

Ukileta namba, leta na jedwali lake. Kama hulijui, pita kimya kimya.